Nani alionaka na macho yake kama dunia njo inazunguka jua?

mwana_wa_Himbi, Goma

Jambo bandugu bote. Niko na ulizo yenye inanisumbua. Mudogo wangu anasoma mwaka wa sita primere, ku shule bakamupatia ile somo ya jua na sayari, kama dunia inajizungusha mu masaa 24 na tena inazunguka jua mu siku 365 na robo. Basi jioni tuko tumekaa inje, umeme hakuna, ananiambia yaya, mi jua naionaka inatokea ku upande ya Gisenyi na inaenda kulala ku upande ya Sake, kila siku, dunia sijaiona hata siku moja inatembea, sasa ule mutu wa kwanza alijuwaka je kama iko kinyume, alipanda wapi akaona?

Nikamujibu ni Galileo. Akauliza Galileo aliona nini. Nikasema aliona na teleskope. Akasema: aliangalia dunia na teleskope na yeye mwenyewe amesimama juu ya dunia? Pale nikakosa cha kusema, nikamuambia aende kulala 😂

Lakini ulizo yake iko na akili. Roketi imekuja juzi tu, batu banasema hii mambo tangu mamia ya miaka. Kwa hiyo mwenye anajua anisaidie, nani alileta preve (ushahidi) ya kweli, na aliona NINI. Musiniambie tu "wanasayansi walivumbua", ile jibu nilikuwa nayo tangu mwanzo.

espoir_Kadutu, Bukavu

Galileo njo alijua, kanisa ikamuchoma moto juu ya ile. Ulizo imekwisha, lete ingine.

mwalimu_Ndendere, Bukavu

Espoir kijana wangu, pole pole. Galileo hakuchomwa. Alihukumiwa Roma mwaka 1633, akafungiwa nyumbani, na akafia palepale kwake Arcetri karibu na Firenze mwaka 1642 akiwa mzee wa miaka 77. Mwenye alichomwa ni Giordano Bruno, mwaka 1600, na kesi yake ilikuwa na mambo mengi ya imani, habari ya jua ilikuwa kipande tu. Watu wanawachanganya hawa wawili kila siku.

Sasa wewe wa Himbi, mudogo wako amegusa kitu ambacho hata vitabu vya sekondere vinakiruka. Mi nafundisha fizikia, na nitakwambia wazi: Galileo hakuthibitisha kwamba dunia inazunguka jua. Aliamini, alipigania, na alionyesha vitu vikubwa sana, lakini preve yenyewe hakuwa nayo, na maadui zake walijua hana. Preve ilikuja karibu miaka 90 nyuma ya kifo chake na mwenye aliipata alikuwa anatafuta kitu kingine kabisa. Nitafika huko.

Kwanza elewa shida iko wapi. Ukisimama Goma ukaona jua linachomoza, hakuna chochote kwenye ile picha kinachokwambia ni nani anatembea. Jua likizunguka dunia utaona vile, dunia ikijizungusha utaona vilevile. Hata kivuli hakisaidii. Mwambie mtoto asimamishe fimbo ya metre moja kwenye kiwanja, aangalie kivuli saa sita ya mchana: mwezi wa sita kivuli kitaanguka upande wa kusini, kama sentimetre 47, mwezi wa kumi na mbili kitaanguka upande wa kaskazini kama sentimetre 40, na katikati ya mwezi wa tatu na mwisho wa mwezi wa tisa kuna siku kivuli kinakaribia kupotea kabisa kwa sababu jua linapita juu ya kichwa chenu. Ni jambo zuri na Ulaya hawawezi kuliona, kwao jua halifiki juu ya kichwa hata siku moja. Lakini je, kile kivuli kinasema nani anatembea? Hakisemi. Mzee Ptolemayo angekueleza kile kivuli vizuri kabisa na dunia yake imesimama.

Huyo Ptolemayo aliandika Aleksandria, hapa hapa Afrika, karibu mwaka 150. Musimcheke. Hesabu zake zilitabiri mahali pa sayari kwa zaidi ya miaka 1,300 na wanamaji na makasisi na watabiri wote walizitumia. Mbele yake, karne ya 3 kabla ya Kristo, Mgiriki mmoja anaitwa Aristarko wa Samo alikuwa ameshasema jua liko katikati. Tunajua habari yake kupitia Arkimede. Alikuwa amepima na kuona jua ni kubwa kuliko dunia (alipata mara chache mno kuliko ukweli, lakini njia yake ilikuwa sawa), na ni rahisi kufikiri kwamba hapo ndipo alipoona si haki mkubwa azunguke mdogo. Walimuuliza: kama dunia inatembea, mbona nyota hazisogei? Akajibu nyota ziko mbali mno. Jibu lilikuwa sahihi, ila lilionekana kama kutoroka ulizo, na watu wakaendelea na Ptolemayo.

Halafu Waislamu wakafanya kazi ambayo shuleni hatutajiwi. Nasir al-Din al-Tusi alianzisha kituo cha kuangalia nyota pale Maragha, Iran, mwaka 1259, na Ibn al-Shatir wa Damasko karne iliyofuata akatengeneza hesabu mpya ya mwezi. Dunia waliiacha katikati. Lakini ukifungua kitabu cha Copernicus, yule aliyerudisha jua katikati, hesabu yake ya mwezi ni ileile ya Ibn al-Shatir, na ile mbinu ya duara mbili ya al-Tusi iko ndani pia.

Copernicus mwenyewe alitoa kitabu mwaka 1543, mwaka alipokufa. Ulizo la mtoto: aliona nini? Hakuna kitu kipya! Teleskope ilikuwa haijatengenezwa. Aliona nyota zilezile za kila mtu, ila akauliza kwa nini kila sayari inaonekana kufuata jua kwa siri. Zuhura, ile nyota ya asubuhi, haiendi mbali na jua kupita digrii 47, Zebaki haipiti 28. Na Mirihi, yaani Mars, kwa miezi mingi inatembea kwenda upande mmoja kati ya nyota, halafu inasimama, inarudi nyuma kama miezi miwili na nusu, inasimama tena na kuendelea. Na ile kurudi nyuma inatokea TU wakati Mars iko upande wa pili na jua, yaani inachomoza jua likizama. Ptolemayo aliweka duara ndogo juu ya duara kubwa kwa kila sayari kueleza hilo, na kwenye kila moja alilazimika kuingiza mwendo wa mwaka mmoja, bila kusema kwa nini.

Copernicus akasema ule mwaka mmoja ni wetu sisi. Dunia inazunguka kwa siku 365, Mars kwa siku 687, tuko ndani na tuna mbio zaidi, kila tukiipita inaonekana inarudi nyuma. Hairudi popote. Na ukikubali hilo, sayari zote zinajipanga zenyewe: Zebaki siku 88, Zuhura 225, dunia 365, Mirihi 687, Mshtarii (Jupiter) miaka 12, Zohali 29 na nusu, kadiri unavyoenda mbali ndivyo inavyochelewa. Kwa Ptolemayo ule mpangilio haukuwa na sababu.

Mars itafanya tena hivyo mwanzoni mwa 2027, kwenye nyota za Simba. Mtoto akichora kwenye kaye mahali pake kila wiki ataona na macho yake kile Copernicus alikuwa anaangalia.

mwana_wa_Himbi, Goma

Mwalimu asanti sana, nimesoma yote, hata mama yangu nimemusomea. Kumbe Ptolemayo hakuwa mujinga. Lakini sasa nauliza tena, kama Copernicus hakuona kitu mupya, na preve hakuwa nayo, batu balimuamini juu ya nini?

dereva_Birere, Goma

Mi naingilia hapo hapo. Banasema dunia inakimbia kilometre 30 kila segonde. TRENTE. Mi nikifika 80 ku barabara ya Rutshuru naskia upepo mu mukono. Sasa ule upepo ya kilometre 30 ku segonde iko wapi? Na nikiruka juu nitaanguka Kigali 😂 Mimi siko mujinga, nauliza tu.

mwalimu_Ndendere, Bukavu

Himbi, kwa kweli hawakumwamini. Kwa miaka 60 waliokubali kwamba ni kweli, sio hesabu tu, walikuwa wachache sana, unaweza kuwaweka kwenye daladala moja. Kitabu chenyewe kilitoka na dibaji ambayo Copernicus hakuiandika, mchungaji Osiander aliiingiza bila jina lake, inasema msiogope, hii ni njia ya kuhesabu tu. Na hesabu zake hazikutabiri vizuri kupita za zamani, maana alishikilia duara kamili na yeye pia akalazimika kuongeza viduara.

Dereva, ulizo lako ndilo walilouliza, neno kwa neno, na lilikuwa ulizo zuri. Galileo ndiye alilijibu kwenye kitabu cha 1632, na kwangu ile ndiyo kazi yake kubwa kupita hata teleskope. Panda bwato la kutoka Goma kuja Bukavu, ingia ndani kwenye chumba, ziwa limetulia, angusha bike ya kuandikia. Inaanguka kwenye miguu yako, haiendi kugonga ukuta wa nyuma, kwa sababu bike, wewe, hewa ya chumba, vyote vinatembea na bwato. Upepo unausikia ukitoa mkono inje tu. Hewa ya dunia inatembea na dunia, "inje" yake hakuna hewa. Na usifikiri waliishia kwa maneno, mwaka 1640 padri mmoja Mfaransa, Pierre Gassendi, alipanda merikebu pale Marseille, inapigwa makasia mbio, wakaangusha mawe kutoka juu ya mlingoti, yakaanguka chini ya mlingoti.

Lakini angalia: hiyo inasema tu kwamba dunia INAWEZA kutembea bila sisi kusikia. Haisemi kwamba inatembea.

Sasa kilichobadilisha watu. Kwanza Tycho Brahe, Mdenmark, hakuwa na teleskope lakini alipima nyota na vyombo vikubwa vya shaba na mbao kwa ukali ambao hakuna mtu alikuwa ameufikia. Yeye alikataa dunia kutembea, na sababu yake ilikuwa ya kisayansi, nyota hazikusogea kwenye vipimo vyake. Akatengeneza mpango wake: sayari zote zinazunguka jua, halafu jua na kundi lake lote linazunguka dunia. Kumbukeni huo mpango, unarudi.

Alipokufa 1601 vipimo vyake vya Mars vikabaki mikononi mwa Kepler huko Praha. Kepler akahangaika miaka kadhaa na duara, mpaka akapata moja inayokubaliana na Tycho isipokuwa tofauti ya dakika 8 za pembe. Dakika 8 ni kama robo ya upana wa mwezi unaouona ukiwa mzima. Mtu mwingine angesema inatosha. Yeye akasema Tycho hawezi kukosea dakika 8, akatupa kazi yote na kuanza upya, akapata kwamba njia ya Mars sio duara, ni elipsi, yaani kama duara iliyobanwa kidogo, na jua haliko katikati kabisa, liko pembeni kidogo, mahali panaitwa foka. Hiyo ni 1609. Mwaka 1627 akatoa meza za kutabiri sayari, na tarehe 7 mwezi wa 11 mwaka 1631 yule yule Gassendi akiwa Paris akaona Zebaki inapita mbele ya jua kama kidoa cheusi, siku ileile Kepler aliandika, na Kepler alikuwa ameshakufa mwaka mmoja. Meza za wengine zilikosea mbali zaidi. Kwa wanajimu, kwa watu wa kuhesabu, nafikiri ile ndiyo iliwageuza kuliko hotuba yoyote ya Galileo.

Galileo naye: mwezi wa kwanza 1610 anaona vinyota vinne vinazunguka Mshtarii. Basi si kila kitu kinazunguka dunia. Mwisho wa mwaka uleule anaona Zuhura inakuwa kama mwezi, mara nzima na ndogo, mara kipande chembamba na kubwa. Ptolemayo hapo alikufa, kwa mpango wake Zuhura haiwezi kuonekana nzima hata siku moja. Lakini mpango wa Tycho? Unakubali yote haya bila shida! Zuhura inazunguka jua, sawa, na jua linazunguka dunia. Makasisi Wajesuiti walioangalia na teleskope zao wenyewe wakakubali Zuhura na wakahamia kwa Tycho. Mudogo wako alipouliza "aliangalia dunia na teleskope na yeye yuko juu ya dunia?" alikuwa amesimama hapo hapo.

espoir_Kadutu, Bukavu

Bon, na Foucault? Batufundishaka ku sekondere kama ile pandule ya Paris njo preve.

topo_wa_Katuba, Lubumbashi

Mwalimu heshima kwako, mi niko topografu ku Lubumbashi, nafanya vipimo mu kareya, acha nichukue hapa juu hii ni kazi yangu kabisa.

Espoir, Foucault ni 1851, na pandule yake inaonyesha dunia inajizungusha YENYEWE, masaa 24. Haisemi kitu juu ya kuzunguka jua, ni mambo mbili. Na tena ile pandule inategemea mahali uko. Ku Paris inazunguka mu masaa karibu 32. Huku Lubumbashi ingechukua karibu siku 5. Ku Bukavu siku kama 23. Ku Goma beko karibu na ekwata, ingechukua siku 34, paka ile kamba ikatike. Foucault angezaliwa Goma hangeona kitu.

Sasa preve ya kuzunguka jua. Kazi yangu ni hii: nataka kujua shemine (bomba ya moshi) ya Gécamines, kampuni ya madini, iko mbali kiasi gani bila kuifikia. Napima musitari ya chini, tuseme metre 200, naweka teodoliti huku nasoma pembe, naenda ku mwisho ingine nasoma pembe tena. Shemine inaonekana imesogea, ile kusogea inanipa umbali. Kitu ikiwa mbali sana, inasogea kidogo sana, mpaka teodoliti haione tena.

Nyota ni vilevile. Kama dunia inazunguka jua, basi mwezi wa kwanza tuko huku na mwezi wa saba tuko kule, musitari ya chini ni kilometre milioni 300. Nyota ya karibu inapaswa kusogea. Ni ile ulizo balimuuliza Aristarko, ni ile Tycho alitafuta akakosa. Batu balitafuta miaka na miaka.

Uingereza, mwisho wa 1725, James Bradley na rafiki yake Molyneux balifunga teleskope ndefu kama metre 7 ku shemine ya nyumba, imesimama wima inaangalia juu. Juu ya nini wima? Juu nyota ikiwa karibu juu ya kichwa hewa haipindishe mwanga yake. Balichagua nyota moja ya kundi yenye inaitwa Draco yenye inapita karibu juu ya London kabisa. Hesabu ilisema mwezi wa 12 ile nyota itakuwa imefika mwisho ya kusini, haitasogea tena, na kisha itarudi. Bakaangalia. Nyota ikaendelea kwenda kusini! Mpaka mwezi wa tatu. Kisha ikarudi, mwezi wa tisa ikafika mwisho ya kaskazini. Jumla segonde 40 za pembe, 20 huku na 20 kule. Mwendo ya mwaka moja kamili, lakini imechelewa miezi tatu. Haikuwa kile balitafuta.

Bradley akasumbuka. Akaweka teleskope ingine ya kwake, akaangalia nyota zingine, zote zinafanya vile, za karibu na za mbali sawa. Kama ingekuwa umbali, zingetofautiana. Mwisho akaelewa: mwanga inachukua muda kushuka mu teleskope. Ku ile ya metre 7, mwanga ikiingia juu mpaka ifike chini, dunia imebeba teleskope pembeni karibu milimetre 0.7. Kwa hiyo lazima uilaze kidogo upande yenye dunia inaenda, la sivyo mwanga itagonga ukuta ya ndani. Dunia kilometre 30 ku segonde, mwanga 300,000, moja juu ya elfu kumi, fanya hesabu utapata segonde 20 na kitu. Ni ile ile alipima. Na nyuma ya miezi sita dunia inaenda upande ingine, unailaza upande ingine. Taarifa ikasomwa London mwezi wa kwanza 1729.

Ile njo jibu ya mudogo wako yaya. Bradley ALIANGALIA dunia inatembea na teleskope na yeye mwenyewe amesimama juu yake. Mupango ya Tycho haiwezi kueleza ile, kama dunia imesimama hakuna haja ya kulaza teleskope.

Na umbali yenyewe ikapatikana nyuma. Bessel mu 1838, nyota yenye inaitwa 61 Cygni, inasogea sehemu ya tatu tu ya segonde moja. Na hii inanipendeza sana: Thomas Henderson alikuwa amepima Alpha Centauri mu 1832 na 1833 ku Cape, Afrika ya Kusini, akachelewa kuchapisha, akatoa 1839, Bessel amekwisha kumupita. Alpha Centauri huku kwetu inaonekana muzuri sana mwezi wa tano na wa sita, pembeni ya Musalaba wa Kusini, Ulaya haiioni. Inasogea segonde 0.75. Ile ni sawa upime upana ya milimetre moja na wewe uko metre 275. Teodoliti yangu ya kazi inasoma segonde 5. Segonde 20 ya Bradley ningeiona. Ile ya Bessel na Henderson, hata ningekaa usiku mpaka asubuhi, hapana. Njo maana kati ya ile mbili miaka 109 ilipita.

mama_wa_Majengo, Goma

Batoto munasema bizuri, na mi nimefuata. Lakini Yoshua sura ya 10 alisema jua simama juu ya Gibeoni. Hakusema dunia simama. Sasa?

mwalimu_Ndendere, Bukavu

Mama, heshima zangu. Ule mstari ndio waliomletea Galileo pia, na alijibu kwenye barua ya 1615 kwa Kristina mama wa mtawala wa Toskana: Roho Mtakatifu anatufundisha namna ya kwenda mbinguni, hatufundishi namna mbingu zinavyokwenda. Alisema neno hilo alilipata kwa mtu mkubwa wa kanisa. Na sisi wote hapa, hata topo mwenye teodoliti yake, tunasema jua limechomoza, limezama, hatumdanganyi mtu.

Nakukumbusha pia Copernicus alikuwa kanoni wa kanisa la Frombork, na kitabu chake alikielekeza kwa Papa Paulo wa Tatu. Mwenye alimsukuma achapishe ni Rheticus, kijana Mlutheri. Kanisa lilikisimamisha kile kitabu mwaka 1616, zaidi ya miaka 70 baadaye. Kikatoka kwenye orodha ya vilivyokatazwa mwaka 1835, na mwaka 1992 Papa Yohane Paulo wa Pili akasema wazi kwamba waamuzi wa Galileo walikosea. Ni muda mrefu sana, sitaki kulipamba hilo. Lakini musisahau Galileo naye alikuwa na ulimi mkali, na preve kubwa aliyowapa kwenye kitabu cha 1632 ilikuwa maji ya bahari kupanda na kushuka, akidai ni mwendo wa dunia unayatikisa. Haikuwa kweli, Kepler alikuwa ameshasema ni mwezi.

mama_wa_Majengo, Goma

Sawa mwalimu. Nitamuambia na pasta.

dereva_Birere, Goma

Mi nimekubali ya bwato. Ila topo, kama 1729 njo preve, kati ya Galileo na huyo Bradley miaka karibu mia, batu balikuwa bangali banabishana?

topo_wa_Katuba, Lubumbashi

Hapana, wengi bakamaliza mbele. Newton mu 1687 akaleta sababu, uzito. Jua ni nzito kama mara 333,000 kuliko dunia. Vitu mbili zikivutana, zote zinazunguka mahali pamoja pa uzito yao, na kwa jua na dunia ile mahali iko ndani ya jua, kilometre 450 tu toka katikati yake. Kwa hiyo jua pia inasogea, lakini kidogo sana. Nyuma ya Newton mutu mwenye alijua hesabu hakuhitaji kungoja Bradley. Bradley alikuja kuonyesha kile balikuwa bamekwisha kukubali. Mi naona hapo njo shule inatupoteza, inasema mutu mumoja aliona siku moja na bote bakaamini. Balikubali kidogo kidogo, uyu juu ya Zebaki ya Kepler, uyu juu ya Zuhura, uyu juu ya Newton, na preve ya macho ikafika ya mwisho.

mwana_wa_Himbi, Goma

Bandugu munanipa mali. Topo, kitu kimoja. Unasema Bradley alitumia mbio ya mwanga. Sasa ile mbio ya mwanga, nani alikuwa ameipima mbele yake? Najua tu ataniuliza. Na eske darubini ya macho mawili, ile bauzaka ku Birere, inaweza kuonyesha vinyota vya Jupiter?

topo_wa_Katuba, Lubumbashi

Inaweza, lakini usiishike na mukono, iegemeze ku ukuta ao ku dirisha, ikitikisika hauone kitu. Utaona vinyota mbili, tatu, ao vine bimejipanga ku musitari, kesho yake bimebadilisha mahali. Na mwambie mutoto asiiangalishe ku jua hata kidogo, jicho itaungua.

Mbio ya mwanga ni Rømer, Mdenmark, alikuwa Paris, 1676, na alitumia moja ya vile vinyota. Kile cha ndani kabisa, Io, kinaingia mu kivuli ya Jupiter kila masaa 42 na nusu. Rømer akaona dunia ikienda mbali na Jupiter kinachelewa, ikirudi karibu kinawahi, mwanga iko na safari ndefu ao fupi. Hakuandika namba ya kilometre, wengine njo bakaifanya nyuma yake. Ila hata ile hesabu inaanza na dunia yenye inatembea, akiuliza hapo mutume kwa mwalimu, mi niko na kazi ya asubuhi.

mwalimu_Ndendere, Bukavu

Amtume. Ila afungue sujet ingine, hii imeshakuwa ndefu.